Sinza ilichorwa kabla haijajengwa

Sinza ni mtaa uliochorwa kwanza, ukajengwa baadaye. Kwa Dar es Salaam hilo ni jambo la kujivunia, maana sehemu kubwa ya jiji hili watu walitangulia kujenga, wapima ardhi wakafuata nyuma wakitafuta pa kupitisha barabara. Huku kwetu barabara zilikuwepo kabla ya nyumba, na bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zilikuwa ardhini kabla ya msingi wa kwanza. Wazazi wetu walipofika walioneshwa kiwanja chenye namba, katika kitalu chenye herufi, wakaambiwa bomba la maji litapita wapi. Nimekulia hapa na bado naishi hapa. Naandika kwa sababu ule mchoro sasa unafutwa kiwanja kimoja kimoja, na sisi tuliojenga kwa kuuamini tunapata habari lori la kokoto likishamwaga.

Chanzo chake ni mradi wa viwanja vyenye huduma ulioanza mwaka 1974, serikali ikikopa kutoka Benki ya Dunia. Upande mmoja wa mradi ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Upande mwingine uliingia Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, ukapenyeza barabara na mabomba katikati ya nyumba zilizokuwepo. Viwanja hivi vipya vililenga watu wa kipato cha chini: karani, dereva, muuguzi, mfanyakazi wa kiwandani. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Barabara ya Morogoro, na kazini alikwenda kwa miguu. Alijenga kwa mkopo wa Benki ya Nyumba, akamaliza kuulipa akiwa na mvi. Kiwanja chetu ni mita 12 kwa 24. Mbele kuna kibaraza, katikati korido na vyumba kushoto na kulia, nyuma uani penye jiko, bafu na choo, na chini ya ardhi karo la majitaka. Majirani karibu wote walijenga vivyo hivyo, kwa kuwa viwanja vililingana na mishahara ilikuwa haipishani sana.

Watu wa rika la baba waliupenda mchoro ule kwa sababu waliijua michoro iliyoutangulia. Wajerumani walianza kuweka masharti ya ujenzi Dar es Salaam mwaka 1891, na hadi Waingereza wanatoa mpango wao mkuu wa 1949, jiji lilikuwa limegawanywa kwa rangi ya ngozi. Uzunguni kulikuwa na viwanja vipana vyenye bustani na upepo wa bahari, Uhindini kulikuwa na maduka, na Uswahilini watu walibanana. Wataalamu waliandika "msongamano mdogo", "msongamano wa kati" na "msongamano mkubwa", lakini mwananchi yeyote alijua ni nani aliyewekwa wapi. Sinza ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwafrika wa mshahara mdogo alipewa kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na hati, ndani ya mpango uliomtambua kuwa mwenye mji. Baba aliitunza ile karatasi ya ramani ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na cheti chake cha ndoa.

Na mpango ulifanya kazi. Mwaka 2021 jarida la Journal of Political Economy lilichapisha utafiti wa wachumi waliorudi kuangalia mitaa ya mradi huu miongo kadhaa baadaye, wakatumia picha za satelaiti na takwimu za makazi. Waliona kwamba mitaa iliyopimwa kabla ya watu kuhamia ina nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zilizokaa kwa mpangilio kuliko maeneo ya jirani ambayo hayakupimwa. Kule kulikoboreshwa baada ya watu kujenga, faida ya namna hiyo haikuonekana. Nataka msomaji alishike hili, kwa sababu linahusu pesa. Thamani anayoifuata mwekezaji leo ilizaliwa na kazi ile. Barabara inayopitisha gari lake la zege imenyooka kwa sababu ilichorwa ikiwa imenyooka. Nafasi anayoitaka aijenge hadi ukutani kwa jirani ipo kwa sababu wenye nyumba waliiacha wazi kwa miaka zaidi ya arobaini.

Mabadiliko yalianza taratibu. Kwanza zilikuja fremu. Mzee amestaafu, kiinua mgongo kimeisha, anabomoa kibaraza na kuweka fremu mbili: saluni na duka la simu. Hakuna aliyelalamika, tulikwenda kusuka kwenye hizo saluni. Zikaja gesti, zikaja baa, nyama choma ikawa sifa ya Sinza mji mzima. Mlimani City, jengo kubwa la maduka, ilifunguliwa mwaka 2006, na upande huu wa jiji uliokuwa "kule" ukawa mjini. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita Barabara ya Morogoro. Kuanzia Mori hadi Afrika Sana, kuanzia Kijiweni hadi Makaburini, hadi pale kwa Remmy, kituo kilichochukua jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyeishi hapo, madalali wakaanza kugonga milango ya wazee. Leo katika njia yetu fupi kuna majengo marefu yanayoinuka kutoka kwenye viwanja vilevile vya mita 12 kwa 24.

Sipingi maghorofa, na naomba nieleweke kabla sijaendelea. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka lazima walale mahali. Kuwasukuma wote Chanika, Kisarawe na Kibaha, waamke saa kumi usiku kuwahi kazi Kariakoo, ni uonevu wa aina yake, na kunakula mashamba na misitu. Mtaa ulio karibu na chuo kikuu, hospitali, soko na mwendokasi unapaswa kubeba watu wengi kuliko ulivyobeba enzi za baba. Ningeulizwa kama Sinza ipandishwe, ningesema ipandishwe. Lakini hakuna aliyeuliza. Kinachotokea ni kwamba kila kiwanja kinapandishwa peke yake, kana kwamba hakina jirani wala hakikai juu ya udongo uleule na mtaro uleule.

Niseme habari ya karo, maana ndipo ugomvi wote ulipo na ndipo wataalamu hawapendi kutazama.

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijafikiwa na mabomba ya majitaka. Njia yetu ni mojawapo. Kila nyumba ina karo lake na shimo la kunyweshea maji ardhini, na udongo wa nyuma ya nyumba ndio mtambo wetu wa kusafishia. Mpango huo uliwezekana kwa nyumba ya chini yenye familia moja na wapangaji wawili au watatu, uani ukiwa wazi, mwembe ukinywa kilichobaki. Sasa chukua jengo la ghorofa nne lenye makazi matatu kila ghorofa. Hizo ni familia 12, kila moja na bafu mbili, mashine ya kufulia na tangi la maji juu ya paa. Kiwanja ni kilekile. Uani umetandikwa pavingi ili magari yaegeshwe, mwembe umekatwa, karo limechimbwa chini ya geti, na pa kunyweshea maji ardhini hapapo tena. Katika kiangazi gari la majitaka linakuja kila baada ya muda mfupi, linaziba njia nzima, na nyumba zote zinafunga madirisha. Masika yakifika gari haliitwi. Watu wanasubiri mvua kubwa ya usiku, kisha wanatapisha.

Asiyekaa Dar es Salaam labda halijui neno hilo. Kutapisha ni kufungulia choo kwenye mtaro mvua inaponyesha, ili maji yachukue kila kitu yapeleke kwa mwingine. Mtaro wetu unashuka kuelekea Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe unashuka kwenda Tandale na Magomeni, kwa watu ambao nyumba zao zimekaa chini kuliko zetu na ambao hawakupata hata huo mchoro wa 1974. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia wilaya ya Kinondoni, ambayo Sinza ilikuwa bado ndani yake. Mto ulikuja kujengewa kingo za zege kupitia mradi wa uendelezaji wa jiji, na kazi ile ilileta nafuu ya kweli ya mafuriko. Ila zege la mtoni halipunguzi majitaka yanayotiririshwa kutoka juu. Mama mmoja wa njia yetu, muuguzi mstaafu, amekuwa akienda kila msimu kuwaambia wasimamizi wa majengo mapya kwamba watoto wanachezea hayo maji. Anajibiwa kwa adabu, "Sawa mama, tutafuatilia." Mvua inayofuata wanatapisha tena.

Kitu cha pili ni uani. Najua kuna watakaosema hili ni la kizamani, nami nasema ni la msingi. Nyumba yetu ya Kiswahili imejengwa kulizunguka jambo moja, stara. Mbele ni pa wageni na wapitanjia, nyuma ni pa wenyewe. Uani mama anafua akiwa na khanga moja, binti anaoga bafu lisilo na paa, bibi anaota jua la asubuhi miguu ikiwa wazi, na siku ya msiba wanawake wanakaa huko huko. Ukuta wa mita mbili ulitosha kwa hayo yote, kwa sababu jirani naye alikuwa chini. Siku madirisha ya ghorofa ya tatu yalipofunguliwa upande wetu, uani ulikwisha kazi. Tuliweka turubai, turubai likafanya giza na joto, tukalitoa. Sasa shughuli zimehamia ndani, kwenye korido isiyo na hewa. Mama yangu, aliyeishi maisha yake yote ya utu uzima akiwa na kipande chake cha anga, anakaa chumbani na feni.

Hakuna kifungu cha fidia kwa hilo. Mtu akitwaliwa ardhi yake kuna sheria, kuna mthamini, kuna jedwali la malipo hata kama yanachelewa. Ukiachwa na ardhi yako ikiwa nzima, ila jua na upepo na faragha vimeondolewa juu yake, kwa macho ya sheria hujapoteza chochote.

Kuhusu kelele nitapita haraka, maana Sinza na kelele ni habari iliyoandikwa sana. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na zinatofautisha mchana na usiku, makazi na maeneo mchanganyiko. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kufungia baa na kumbi jijini kwa sababu ya spika. Baa ikifungwa wiki hii hufunguliwa baada ya faini, na mtoto wa darasa la saba anaendelea kusomea mtihani wake chini ya muziki. Ninachotaka kuongeza ni kwamba baa ile haikujiotea. Ilianza kwenye karatasi, siku kiwanja cha "makazi" kilipogeuka kuwa cha "makazi na biashara". Anayekwenda kupima sauti saa sita usiku amechelewa kwa miaka kadhaa.

Na hapa ndipo penye kidonda. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inataka anayeendeleza ardhi awe na kibali cha mipango. Anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja anapaswa kutangaza, bango liwekwe pale kiwanjani, tangazo litoke gazetini, na mwenye pingamizi aandike. Kwa maandishi, jirani ana sauti. Nimekwenda kuitafuta sauti hiyo.

Jengo lililo nyuma yetu lilipoanza, hatukuona bango. Tuliona mabati ya bluu yamezungushiwa, halafu greda. Nilikwenda kwa mjumbe wetu, mzee anayenijua tangu nikiwa na sare za shule. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, hata mimi nimeyaona hayo mabati kama ulivyoyaona wewe." Serikali ya mtaa wakasema jengo lina kibali, kwa hiyo nikaulize waliotoa. Katika ofisi iliyohusika niliambiwa tangazo lilitoka gazetini. Niliomba nakala. Kijana wa masijala, mstaarabu sana, aliniomba nirudi wiki inayofuata, na wiki inayofuata faili lilikuwa limekwenda kwa mkubwa. Nilipofanikiwa kuiona nakala, muda wa pingamizi ulikuwa umepita zamani na nguzo za ghorofa ya pili zilikuwa zimesimama. Lilikuwa tangazo dogo, katika gazeti ambalo njia yetu nzima hakuna anayelinunua, likitaja namba ya kiwanja na kitalu bila kutaja mtaa. Ni nani anayeijua nyumba ya jirani yake kwa namba ya kitalu?

Simlaumu yule kijana wa masijala. Alifanya kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinatimizwa kwa namna ambayo haimfikii mtu. Mabati yakishazungushwa, saiti yenyewe inawekwa kila stika inayotakiwa, ya bodi ya wakandarasi na ya bodi ya wabunifu majengo, na jina la mshauri kwa herufi kubwa. Hizo ni taarifa za wataalamu kwa wataalamu. Bango linalosema "Jirani, tunataka kujenga ghorofa tano hapa, majitaka tutayapeleka pale, mwenye swali aje tarehe fulani" sijawahi kuliona.

Usalama nao unatutia hofu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo Kariakoo, watu wakinaswa chini ya kifusi, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Kariakoo ni eneo la biashara, linatazamwa. Kwenye vichochoro vya makazi kama vyetu, msingi unachimbwa mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Nyumba, nyumba ya zamani inapata ufa kutoka dirishani hadi sakafuni, na mwenye nyumba anaambiwa ufa ulikuwepo. Jirani yetu mwalimu mstaafu alipata akili ya kupiga picha kuta zake zote kabla jirani hajaanza kuchimba. Nawashauri wote mfanye hivyo, na gazeti la siku hiyo lionekane pichani.

Wapo wanaosema, kama hampendi, mbona mnauza? Ni swali la haki na linastahili jibu refu kuliko linavyopewa. Wazee waliopewa viwanja hivi wanafariki. Anabaki mjane na watoto sita au saba, na wengine wa mama mwingine. Kiwanja cha mita 12 kwa 24 hakigawanyiki kwa warithi saba. Ukikigawa kila mmoja anapata upana wa kitanda. Kukodi hakuleti amani, kwa sababu anayekusanya kodi anashukiwa na wasiokusanya. Kesi ya mirathi inakwenda mahakama ya mwanzo, inakaa, ndugu wanaacha kusalimiana. Hapo dalali anakuja na mtu mwenye pesa taslimu, na kwa familia iliyochoka ile pesa ni kama mvua baada ya kiangazi cha miaka mitatu. Wanauza, wanagawana, mmoja anakwenda Goba, mwingine Kibamba, mwingine anarudi mkoani. Siwezi kumnyooshea kidole hata mmoja wao. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, najua uchungu wake.

Lakini tazama nini kimetokea kwenye ile meza. Mwekezaji amenunua kwa bei ya nyumba ya chini, na wiki chache baadaye karatasi moja inakigeuza kiwanja kuwa cha ghorofa tano. Ongezeko lote la thamani lililotokana na kibali cha umma linakwenda kwake. Warithi hawakuliona, njia haikupata mtaro, manispaa ilipata ada ya kibali. Laiti ingejulikana mapema, kwa mpango uliotangazwa, kwamba viwanja vya mstari huu vitaruhusiwa ghorofa kadhaa, mjane yule angejua anauza nini. Angeweza hata kuingia ubia: yeye atoe kiwanja, mwenzake atoe zege, abaki na sehemu mbili za jengo, moja ya kuishi na moja ya kupangisha. Tangu 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, kila mtu na hati ya sehemu yake. Wazee wangapi waliambiwa hilo kabla ya kutia dole gumba?

Kuna kundi jingine ambalo hata sisi wenye nyumba tunalisahau, wapangaji. Kuna mama anayeuza vitafunwa kwenye kona yetu ambaye amepanga chumba hapa tangu watoto wake hawajazaliwa, na sasa mkubwa wao anasoma chuo. Nyumba ikiuzwa anapewa notisi, na kwa bei za sasa chumba kingine Sinza hakipati. Sheria ikisema majirani waandike pingamizi, yeye hahesabiki, ingawa tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme wa nyumba ile ni yeye pamoja na wenzake. Anailipia kodi nyumba ambayo hana neno juu yake.

Mfano wa kutendewa tofauti upo, tena si mbali. Wakazi wa Magomeni Kota walikuwa wapangaji wa nyumba za umma, kaya 644. Waliondolewa, nyumba zikabomolewa, wakakaa miaka takriban kumi wakidai walichoahidiwa. Ilikuwa miaka migumu na wengine walifariki wakisubiri. Lakini waliandikwa majina, wakahesabiwa kaya kwa kaya, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa mapya, ile orodha ya 644 ndiyo iliyokuwa na haki ya kwanza. Ninachokitazama hapo ni orodha. Mtaa ulibomolewa ukiwa mmoja, na ukarudi ukiwa na majina. Sinza inabomolewa ikiwa viwanja, na hakuna aliyeshika daftari la watu waliokuwa wakiishi humo.

Nikirudi kwenye sheria ya 2007, naona imeruhusu kile ninachokitaka. Inataja mipango kina, yaani michoro ya undani ya eneo moja moja, na mipango ya uendelezaji upya, ambayo wananchi wanapaswa kushirikishwa kabla haijapitishwa. Jiji nalo lina mpango mkuu wa 2016 hadi 2036, baada ya kuishi miaka mingi mno na ule wa 1979. Mpango mkuu unaliona jiji kwa mbali sana, haujui kama karo la nyumba fulani limefika chini ya geti. Tunahitaji mchoro mpya wa Sinza, kitalu kwa kitalu, unaosema wazi: mistari iliyo kwenye Barabara ya Shekilango na barabara nyingine kubwa ipande hadi wapi, njia za ndani ziishie ghorofa ngapi, viwanja vya wazi vilivyosalia ni vipi na mipaka yake iko wapi, bomba la majitaka litapita lini. Na bomba litangulie ghorofa. Wale wapimaji wa miaka ya sabini, nchi ikiwa maskini kuliko sasa, waliweza kutanguliza barabara mbele ya nyumba. Sioni kwa nini sisi tushindwe kutanguliza bomba mbele ya familia 12.

Mpaka huo mchoro upatikane, vibali vya kubadili matumizi kwenye njia za ndani visimamishwe. Najua wenzangu wengine wa mtaa hawakubaliani nami hapa, hasa walio katikati ya mazungumzo ya kuuza, na tumebishana hadi usiku. Hoja yao ni kwamba kusimamisha kutashusha bei na kuwaumiza warithi. Hoja yangu ni kwamba atakayeuza baada ya mchoro kutangazwa atauza kwa bei kubwa zaidi, akijua thamani kamili ya alichonacho. Tumekubaliana kulipeleka jambo hili kwenye mkutano wa mtaa na kulipigia kura, wapangaji wakiwemo, na mwenyekiti ameridhia wapangaji wapige.

Barua imeshaandikwa. Inaomba mambo matatu: nakala za vibali vyote vilivyotolewa kwenye kitalu chetu, ukaguzi wa makaro ya majengo mapya kabla ya masika, na tarehe ya kuanza mpango kina. Tumeambatanisha picha za mtaro, picha za nyufa za mwalimu, na orodha ya kaya zote, wenye nyumba na wapangaji, ambayo vijana waliiandika wakipita mlango kwa mlango. Barua yenyewe halisi iko kwa mjumbe. Kama unaishi kitalu chetu na hujasaini, pita kwake jioni baada ya swala ya magharibi, yupo kibarazani. Kama unaishi kitalu kingine, chukua nakala, badilisha herufi ya kitalu, uanze na ya kwenu.